Washeni rangi kabla ya kuchoma sindano

Mhariri, asalaam alaykum.

Mie nna langu naomba nafasi. Baba yetu, mtu wa Wete, umri sabini na kitu, mwaka jana alilalamika tumbo tukampeleka spitali akapigwa ultrasaundi, tukaambiwa ana uvimbe inavyoonesha ni kansa, avuke Unguja akachomwe sindano wachukue kinyama wakipime. Nyumbani pakawa kama pana msiba, wengine washaanza kutaja bei ya mikarafuu na mwenyewe yuhai, kakaa barazani anavuta sigara yake.

Kilonitia shaka mie ni kikoi. Mzee akilala chali kikoi charuka pale juu ya kitovu, tu tu tu, sawa na moyo. Nikaweka vidole huku na huku ya lile bonge, kila likipiga vidole vyaachana. Baadae nikaja kuambiwa kuwa uvimbe ulokaa tu juu ya mshipa hukunyanyua mkono lakini hautanui vidole.

Alhamdulillah Unguja tukapata kijana, kabla ya sindano akawasha dopla, ile ya rangi inayoonesha damu inavyokwenda, mara nyekundu na buluu zinazunguka mule mule ndani ya huo uvimbe. Akakigeuza kile kifaa kwa urefu, bonge likaonekana limeungana na bomba juu na chini. Kumbe aota, mshipa mkuu wa damu, umefura kama tyubu ya baiskeli! Damu ilokuwa imeganda ukutani ndo iloonekana kama nyama kule mwanzo. Siti skani ya kutiwa dawa ikamaliza ubishi: upana sentimita 4.6, wakati kawaida ni kama 2 na ukifika 3 ushakuwa anyurizimu, yaani mshipa uliofura.

Sasa sindano ingeingia pale? Najua rangi peke yake haitoshi, hata kansa nyengine zina damu nyingi, lakini kitufe hicho ni cha dakika moja, na nilipouliza kule kwanza nkajibiwa dopla ipo kwenye mashine ila hawaitumii sana. Hawaitumii!

Mzee hakupasuliwa, wanaume kawaida hungojewa mpaka 5.5, anameza dawa za presha na anarudi kupimwa, na tumeambiwa akishikwa ghafla na maumivu ya tumbo au mgongo tusingoje asubuhi. Sigara kaambiwa aache. Juzi nimemkuta nayo nyuma ya banda la ng'ombe.

Mtoto wa Mzee,
Wete, Pemba