Barua kwa swahiba aliyebakiza "tasnifu tu"

Swahiba wangu,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nimefurahi kwamba umeamua kuirudia shahada yako ya uzamili baada ya kuifungia kabatini muda wote huo. Ila kuna sentensi moja nimeizungushia duara: "Kozi zote nilishamaliza, nimebakiza tasnifu tu." Hilo "tu", ndugu yangu, ndilo lililonikalisha chini nikuandikie. Mimi lilinila miaka miwili.

Hebu tuipigie hesabu. Katika mfumo wa krediti unaotumika Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60, na kila krediti huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30. Tasnifu ya uzamili mara nyingi hupewa krediti 30. Zidisha mwenyewe: ni saa 750 mpaka 900. Chuo chako huenda kinahesabu kwa njia nyingine, lakini hesabu hii inakupa picha ya mzigo. Unasema umebakiwa na miezi 18 kabla usajili wako haujafikia ukomo, na kwamba ukitoa kazi na watoto unaweza kupata saa kumi kwa wiki. Miezi 18 ni wiki 78, yaani saa 780. Zinatosha, lakini zinatosha kama nguo ya kubana: ukivuta pumzi tu, kifungo kinaruka.

Tena si zote ni zako. Mimi ratiba yangu niliipanga kwenda mbele, nikaona siku ya kukabidhi tasnifu ndiyo siku ya kumaliza. Wewe ipange kinyumenyume. Anzia kwenye mahafali. Kabla ya mahafali, vikao vya chuo vipitishe matokeo. Kabla ya vikao, masahihisho yako yawe yamekubaliwa. Kabla ya masahihisho kuna utetezi, yaani kuitetea tasnifu mbele ya watahini, na kabla ya utetezi mtahini wa nje asome kazi nzima, naye ana mambo yake, haamki asubuhi akikuwaza wewe. Msimamizi naye lazima awe ameshaisoma kabla haijamfikia huyo. Vyuo vingi vinadai pia notisi ya kusudio la kuwasilisha, tena miezi kadhaa kabla. Ukishaitoa miezi yote hiyo ya kungoja, utakuta rasimu yako nzima inatakiwa iwe mezani kwenye mwezi wa 12 hivi, si wa 18. Bahati yako pendekezo la utafiti lilishapita, kwa hiyo sehemu ya zile saa umeshazilipa.

Kabla hujafungua faili lolote, nenda ofisi ya usajili ukaombe rekodi yako ikaguliwe. Usiniambie unajua ulichosoma. Unakumbuka kwenye shahada ya kwanza nilivyowatazama wenzangu wote wakihitimu, mimi nimekaa upande wa wageni? Watu walidhani nimefeli. Sikufeli. Nilikuwa nimesoma kozi ya hiari nikidhani ni ile ya lazima, kwa kuwa namba zake zilitofautiana tarakimu moja. Mama wa ofisini aliteremsha kidole kwenye karatasi yangu taratibu, mstari kwa mstari, kikasimama. "Hapa pana shimo," akasema. Ile ya lazima ilikuwa inafundishwa mara moja kwa mwaka, na muhula wake ulikuwa umepita wiki tatu nyuma. Mwaka mzima kwa kozi moja! Kwa hiyo waulize: kuna alama isiyoingizwa? Kuna kitabu cha maktaba ambacho hukukirudisha? Na wewe uliyekaa nje muda mrefu, waulize unafuata kanuni za mwaka ulioingia au za sasa, na jibu wakupe kwa maandishi. Ukiona miezi haitakutosha, omba nyongeza mapema. Anayeomba kuongezewa muda kabla haujaisha ni mwanafunzi. Anayeomba baada ya kuisha anaomba kufufuliwa.

Halafu hili wazo lako la kuongeza kundi la pili la wahojiwa, "ili utafiti uwe na uzito". Hapana. Kwanza, ukibadilisha wahojiwa utarudi kwenye kamati ya maadili kuomba kibali upya, na kamati hukutana kwa tarehe zake. Pili, hakuna mtahini atakayekushusha alama kwa kuwa ulimaliza ulichoahidi. Mimi nilianza na "athari za simu kwa vijana". Msimamizi akaandika pembeni kwa wino mwekundu: Vijana gani? Athari ipi? Nilikasirika, nikaona ananidogosha. Miezi minane baadaye kazi ile ile ilikuwa imekuwa juu ya matumizi ya simu baada ya saa nne usiku na usingizi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika bweni moja. Bweni moja, swahiba. Na bado ilinitoa jasho.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kwa miezi mitano nilimkimbia msimamizi wangu. Nilikuwa nimemwahidi sura ya pili, sikuiandika. Nikaona nisiende mikono mitupu. Wiki zikawa miezi, na kila wiki iliyopita sura niliyoiwaza ikabidi iwe nzuri zaidi ili ifidie ucheleweshaji. Nikaanza kupanda ngazi za nyuma ili nisipite mlangoni kwake. Mtu mzima! Siku moja nimesimama kwenye mashine ya fotokopi, nageuka, yuko nyuma yangu na karatasi zake. Nikamwamkia, nikaanza kujieleza. Akanikatiza.

"Una kurasa ngapi?"

"Kama arobaini, lakini sijazipanga."

"Nipe hizo hizo zisizopangwa."

Nilimpelekea jioni ile nikiona aibu, marejeo hayajakamilika, aya nyingine zimekatika katikati. Zikarudi baada ya siku kumi. Thelathini alizikata kwa mstari mmoja wa mshazari, na kwenye kumi zilizobaki ameandika: "Hii ndiyo sura yako." Nilikuwa nimeshaiandika zamani, nimeifukia chini ya vitu nilivyosoma nikaona uchungu kuvitupa.

Tangu siku hiyo nilimpelekea kitu kila baada ya wiki mbili, kiwe kizuri au kibovu. Na kila tulipoonana, jioni namwandikia barua pepe ya mistari minne: tumekubaliana hiki, nitaleta hiki, tarehe hii. Si ujanja wa kumbana. Wasimamizi wana wanafunzi wengi, husahau. Wangu aliwahi kuniuliza nani aliniambia niondoe sehemu ya nadharia ya pili. Nikamwonyesha barua. Akacheka, tukaendelea.

Mengine ni ya mafundi tu. Marejeo usiyaandike kwa mkono kama nilivyofanya mimi, nikapoteza siku tisa kusahihisha koma na mabano. Pakua Zotero, programu ya kompyuta ya kutunza na kupanga marejeo, ni ya bure, ianze leo hata kama una vyanzo vitano tu. Nakala ziwe tatu, moja iwe nje ya nyumba. Na jina la faili liwe tarehe. Mimi nilikuwa na "mwisho", "mwisho_kabisa" na "mwisho_kabisa_3", nikamtumia mtahini lisilo lenyewe.

Umeniuliza pia, kwa kuzungukazunguka, kama kuna ubaya ukiacha. Hakuna, mradi ujue ni wewe umeacha, si usajili uliokuacha. Kuna programu zinazomruhusu aliyemaliza kozi atoke na stashahada ya uzamili bila tasnifu. Waulize siku ile ile utakapokwenda usajili. Lakini nikujuavyo, mtu aliyehifadhi madodoso yake kwenye boksi miaka yote hiyo, akahama nalo nyumba mbili, hajaacha.

Basi lifungue hilo boksi. Hesabu madodoso yaliyojazwa sawasawa, uniandikie idadi, na uniandikie swali lako la utafiti kwa sentensi moja. Ikizidi mistari miwili nitairudisha ilivyo. Nataka kuiona kabla ya wiki kwisha, na usiisafishe kwanza.

Wasalimie watoto.

Swahiba wako wa ngazi za nyuma