Roboti moja haitoshi kusaka amonia inayovuja

Ndugu Mhariri,

Kwenye kiwanda cha minofu ya sangara kinachogandisha kwa amonia, king'ora hukuambia gesi ipo, hakikuambii inatoka wapi. Roboti moja ikifuata harufu inapozidi hunasa kwenye kona ambako feni imerundika gesi, ikadhani imefika. Kwa hiyo litumwe kundi, roboti tatu au zaidi, kila moja na kihisi cha gesi na kipima upepo. Zitawanyike kwanza, moja ikinusa, nyingine zisogee bila kusongamana, zikielekea upepo unakotoka. Zikikutana, zipime hewa pande zote za mahali hapo: penye tundu linalovuja gesi husukumwa nje, lakini kona iliyorundika gesi huipokea tu.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni haraka. Vihisi vya gesi vya aina ya oksidi ya metali huchelewa kushtuka, na huchelewa zaidi kutulia. Roboti isimame kila hatua ichukue wastani wa vipimo kadhaa. Unyevu wa chumba cha kuoshea samaki nao huvidanganya.

Tena, amonia ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikitoka na matone baridi hutambaa sakafuni. Vihisi viwekwe juu na chini. Watu wawe wameshatoka: sehemu 300 za amonia kwa milioni ya hewa tayari ni hatari kwa uhai.

Mafundi wa vipimo vya hewa,
Mwanza