Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Mgeni aje, na mwenyeji naye apone

Profesa, shikamoo.

Mimi ni fundi fremu, kibanda changu kiko Magomeni, na ni mzazi wa binti aliyemaliza mwaka wa tatu wa sanaa za ufundi chuoni kwako. Jina la chuo silitaji hapa. Sikukusudia kukuaibisha mbele za watu. Wewe utajua kwamba nasema nawe, na walimu wa idara watajua. Naandika hadharani kwa sababu barua mbili nilizipeleka masijala kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na mpaka leo hazijajibiwa.

Mwezi wa Machi mlimpokea msanii mgeni kutoka Msumbiji, mtu wa picha za chapa, zile unazochonga kwanza halafu unazipiga chapa kwenye karatasi. Fremu zake 22 nilizitengeneza mimi, na nilikuja mwenyewe kuzitundika. Nilifurahi sana. Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi nyeupe wiki moja kabla, taa za kumulika ukutani zote zinawaka, na mwalimu mmoja kijana alinisaidia kupima: katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, ili mtu akisimama macho yatue kwenye picha bila kuinua shingo. Machi ndiyo masika yanakaribia, na kwa hewa ya Dar es Salaam karatasi ikigusana na kioo inanata, halafu inaota ukungu. Basi kila fremu niliiwekea ukanda wa kadibodi kati ya kioo na karatasi, nikaziba nyuma kwa tepu ili vumbi na wadudu wasipite. Maonyesho yale yalikaa wiki nne. Kadi za mwaliko zilichapwa. Wewe mwenyewe ulikuja kuyafungua, na hotuba yako kuhusu sanaa na utu wetu niliisikiliza nikiwa nimesimama nyuma, karibu na mlango. Uliyoyasema niliyaamini.

Julai ikaja zamu ya wanafunzi. Walipewa ukumbi uleule kwa siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa. Kadi hazikuchapwa. Nusu ya taa zilikuwa zimeungua na hakuna aliyezibadilisha. Kazi za karatasi zilibandikwa ukutani kwa selotepu, nyingine juu kabisa kama matangazo ya mikutano, maana misumari waliyopewa haikutosha. Hayo yote nilihadithiwa na binti yangu, kwa sababu siku mbili za kwanza tulikuwa kazini.

Ijumaa mama yake alifunga genge mapema, tukapanda daladala, tukafika getini saa nane mchana. Mlinzi akatuuliza, "Mnamfuata nani?" Tukamwambia tumekuja kuangalia picha. Akajibu kwamba hakuna picha, kuna semina. Alikuwa mstaarabu, wala simlaumu, aliambiwa hivyo. Binti alipokuja kutupokea tukaingia, na kweli ukumbi ulikuwa umejaa viti vya plastiki na meza ya chai. Kazi za wanafunzi zilikuwa kwenye korido ya kwenda vyooni, zimeegemezwa ukutani mbilimbili, uso kwa uso.

Naomba uniruhusu nikae kidogo hapa, kwa sababu hili ndilo lililonileta.

Binti yangu alikuwa amechora kina mama wa Feri wanaokaanga samaki, kanvasi ya futi tatu kwa nne. Aliifanyia kazi miezi minne. Alikuwa akitoka nyumbani alfajiri kwenda kukaa pale sokoni na daftari, mpaka wale mama wakamzoea na kumwekea kigoda. Moshi wa kuni alioupaka kwenye picha ile, Profesa, ukiutazama macho yanawasha. Sasa rangi ya mafuta ikipakwa nene haikauki kwa wiki moja wala mbili. Juu inashika utando, chini bado ni mbichi. Picha yake ilikuwa imelalia ya mwenzake aliyechora daladala kituoni, na joto la korido likazigandisha. Tulizitenganisha polepole, mimi nimeshika upande mmoja na yule kijana mwingine. Sauti yake ilikuwa kama ya kubandua bandeji kwenye kidonda. Mkono wa mama wa mbele kabisa, ule ulioshika upawa wa kugeuzia samaki, ukabaki juu ya paa la daladala la mwenzake. Binti yangu hakulia. Alimuuliza mama yake kama ana khanga ya kuifunikia mpaka nyumbani.

Simlaumu mgeni hata chembe. Tena yeye ndiye aliyenionyesha jambo lingeweza kuwa zuri kiasi gani. Alasiri moja, mambo ya ufunguzi yakiwa yamepita, alikaa chini ya mti nje ya ukumbi na wanafunzi kama kumi, akawagawia vipande vya linoliamu na visu vyake mwenyewe. Akawaonyesha kwamba kisu unakisukuma kuelekea mbele, mbali na mkono unaoshikilia, na panapotakiwa mkunjo unazungusha linoliamu huku kisu kikitulia. Nilikuwepo, nakaza waya za fremu mbili zilizolegea, nikaacha kazi yangu nikatazama. Usiku ule binti alibandua kipande cha linoliamu cha sakafu ya jikoni kwetu, akakichonga mpaka saa sita. Mama yake alimgombeza, kisha akaja kutazama naye. Lakini alasiri ile haikuwa kwenye ratiba yoyote. Mgeni aliiomba mwenyewe, na siku tatu baadaye alipanda ndege. Wazee waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walimaanisha ujio wake uguse afya ya nyumba nzima. Pale kwako uliotibiwa ni ukuta tu.

Ombi langu ni hili. Mgeni anayekuja kuonyesha kazi zake aanze kwa kukaa karakana na wanafunzi, wiki mbili ikiwezekana, kabla picha yake ya kwanza haijatundikwa. Watundike pamoja naye, wajifunze kupima, kufunga waya, kuchagua picha gani ikae jirani na ipi, maana hiyo nayo ni elimu na haipatikani kwenye vitini. Halafu maonyesho ya wanafunzi yapewe siku zilezile anazopewa mgeni, taa zilezile na rangi ileile ya ukuta. Vyumba vya semina chuoni kwako ni vingi. Ukumbi wa picha ni mmoja.

Na Jumamosi na Jumapili uwe wazi. Mzazi wa Mbagala au Gongo la Mboto hawezi kuacha kazi Jumatano akaja kutazama picha. Nilipokuwa mwanagenzi nilikuwa nabeba fremu za bwana wangu kupeleka Nyumba ya Sanaa pale Upanga, ile iliyoanzishwa mwaka 1972, ambayo leo hatunayo tena. Pale mtu wa njiani aliingia tu, akasimama nyuma ya msanii na kumtazama akifanya kazi. George Lilanga, ambaye vinyago na picha zake zimefika mbali duniani, aliajiriwa pale kwanza kama mlinzi wa usiku. Kila nikimkumbuka yule kijana wa getini kwako naliwaza hilo. Natamani siku moja aambiwe, "Leo kuna picha, wapitishe watu, na ukitoka zamu ingia na wewe."

Jambo jingine ni maelezo ya pembeni ya picha. Kwa mgeni na kwa wanafunzi pia, yote yaliandikwa kwa Kiingereza. Mke wangu amesoma mpaka darasa la saba. Alisimama pale korido na kile kikaratasi cha picha ya mwanawe mkononi, picha ya soko analonunulia samaki wa biashara yake, akaniomba nimsomee. Na mimi nilibahatisha. Kiingereza kiwepo kwa ajili ya wageni, ila Kiswahili kitangulie. Hilo halihitaji bajeti.

Najua kuna watakaokwambia kwamba kazi za wanafunzi bado ni changa, hazistahili wiki nne. Mchoraji Sam Ntiro naye alikuwa mwanafunzi, kijana wa Machame aliyesoma Makerere, akichora maisha ya nyumbani kwao: migomba, mavuno, sherehe. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa la New York, Museum of Modern Art, mwaka 1960, kabla hata bendera yetu haijapandishwa. Baadaye akatuwakilisha London kama balozi, akarudi kufundisha. Sisemi binti yangu ni Ntiro. Nasema pombe ya ndizi ya Machame na samaki wa Feri ni mambo ya aina moja, na hakuna ajuaye ni yupi kati ya watoto wale ataendelea kama hata majirani zake hawajapewa nafasi ya kumtazama.

Kwa upande wangu niko tayari. Maonyesho yajayo ya wanafunzi nitatengeneza fremu kwa bei ya mbao na kioo tu, sitatoza ufundi. Atakayetaka kujifunza kukata kona ya digrii 45 isiyoacha mwanya aje Magomeni, nitamfundisha bure.

Picha ya kina mama wa Feri iko kibandani kwangu. Nilifikiri binti ataurudishia ule mkono, akakataa. Yeye na mwenzake wamekubaliana kuziacha zilivyo na kuzitundika jirani, ule mkono ukiwa juu ya daladala na pale ulipotoka pakiwa peupe. Nimezitengenezea fremu mbili za mninga zinazofanana. Nipe tarehe, Profesa, nizilete.

Ni mimi,
Fundi fremu na mzazi,
Magomeni, Dar es Salaam