Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ubao Mdogo, Treni ya Polepole

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wajenzi wa reli za mfano, yaani nakala ndogo za reli na treni halisi. Mambo ya fedha namwachia mweka hazina, ambaye hesabu zake zimekwisha kukaguliwa na nakala mnazo mikononi. Mimi nitajikita kwenye kazi yenyewe, yaani reli tunazozijenga majumbani, kwa sababu ndizo zilizotukutanisha.

Katika mkutano mkuu uliopita mlipitisha azimio kwamba kila mwanachama ambaye hana reli inayofanya kazi nyumbani aanze na ubao wa sentimita 120 kwa 30, na aumalize wote, kuanzia reli na nyaya hadi mandhari, kabla ya kufikiria mkubwa zaidi. Baadhi yenu mliona azimio hilo linawabana. Lakini sote tulikuwa tumeshuhudia jambo lile lile mwaka nenda mwaka rudi: mtu anapata chumba, anajenga meza kutoka ukuta hadi ukuta, anatandika reli nusu ya safari, nyaya zinamshinda, na hatimaye meza inabaki ya kuwekea maboksi. Mapenzi anayo, injini anazo, ila hakuna treni inayotembea.

Mwaka huu hali imebadilika, nami nalisema hili kwa furaha. Nimeziona mbao ndogo zilizokamilika zikiwa kwenye rafu ya vitabu, juu ya kabati, na moja inayohifadhiwa chini ya kitanda na kutolewa jioni. Zote zinatembea, na nyingi zinatembea vizuri kuliko meza kubwa tulizozizoea.

Kwa nini ubao mdogo unatosha

Tufanye hesabu kidogo. Treni halisi inayokwenda kilomita 40 kwa saa, ikipunguzwa kwa kipimo cha 1:160, inapaswa kwenda takriban sentimita 7 kwa sekunde. Hapo itavuka ubao wa sentimita 120 kwa sekunde 17 hivi. Ukiwa unashanti mabehewa stesheni, yaani kuyavuta na kuyasukuma ili kuyapanga, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, safari hiyo hiyo inachukua zaidi ya dakika moja. Wengi wetu huendesha treni kwa kasi ambayo hakuna treni ya kweli ingeithubutu, kisha tunalalamika kwamba nafasi haitoshi. Treni ikienda polepole, ubao unarefuka machoni.

Lakini mwendo wa polepole haudanganyi. Injini inayokwenda kasi huruka kasoro za reli kwa nguvu ya mwendo wake. Inayotambaa husimama kila inapokosa umeme, hata kwa nukta moja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo yetu ya mwaka huu ilihusu reli na nyaya, na ningependa waliokosa vikao wayapate hapa yale ya msingi.

La kwanza ni maungio. Kabla hujatia gundi popote, pitisha ukucha taratibu juu ya kila ungio, kwa juu na kwa upande wa ndani ambako ukingo wa gurudumu hupita. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Chukua tupa ndogo, lainisha ncha ya chuma upande huo wa ndani, kisha jaribu tena. Halafu sukuma behewa moja kwa kidole, polepole, huku umefumba macho. Kidole kinasikia mgongano ambao jicho halijauona. Nilimtazama mwanachama mmoja kijana akiifanya kazi hii kwenye ubao wake wote jioni nzima, ungio baada ya ungio, bila kuwasha umeme hata mara moja. Alipouwasha, injini ilitoka mwanzo hadi mwisho bila kusita. Sijaona kazi safi kama ile kwa muda mrefu.

La pili ni umeme. Reli nyingi za mfano siku hizi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Huchakaa taratibu, na uchafu wake hauzuii umeme sana kama kutu ya shaba ya manjano iliyotumika zamani. Hata hivyo usiviamini vile viungo vidogo vya bati vinavyoshika kipande na kipande kwamba vitapitisha umeme daima. Vinalegea, na rangi au gundi hupenya ndani. Lehemu waya kwa kila kipande cha reli, ushushe chini ya ubao, na huko chini uwe na jozi moja ya nyaya nene zinazokwenda urefu wote. Rangi mbili tu zinatosha, mradi usizibadilishe katikati: nyekundu reli ya nyuma, nyeusi reli ya mbele. Kwenye ubao wa sentimita 120 kazi yote hii haizidi mapumziko ya mwisho wa juma, na itakuondolea lawama zote unazoitupia injini.

La tatu ni pointi. Hapo njia inapogawanyika ndipo injini fupi hufa, kwa sababu zipo pointi ambazo kitovu chake, yaani mahali reli zinapokatana, ni cha plastiki kisichopitisha umeme. Injini yenye magurudumu machache ikisimama pale haina pa kunywea. Kamati inawashauri wanunuzi wapya wachague pointi zenye kitovu cha chuma na swichi ya kukipa umeme kulingana na upande uliofunguliwa. Zinahitaji waya mmoja zaidi. Waya huo una faida kuliko mapambo yote utakayoweka juu.

Mchoro uliopendwa

Wanachama walio wengi walichagua mchoro wa Mwingereza Alan Wright unaoitwa Inglenook Sidings. Ni pointi mbili tu na njia tatu za kuegesha: moja inabeba mabehewa 5, mbili zinabeba matatu matatu, na kipande cha kuvutia, yaani njia fupi ambako injini huvutia mabehewa kabla ya kuyasukuma kwingine, kinachotosha injini na mabehewa 3. Mabehewa yote ni 8. Unachagua matano kwa kura, pamoja na mpangilio wake, halafu unayaunga kwenye njia ndefu kwa mpangilio huo huo bila kuyagusa kwa mkono. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Kwa hiyo anayedhani atauchoka ubao huu ndani ya mwezi ajipe nafasi kwanza.

Katika kipimo cha 1:160, ambacho reli yake ina upana wa milimita 9, mchoro wote unaingia kwenye sentimita 120 na nafasi ya jengo inabaki. Waliotaka 1:87, reli ya milimita 16.5, walilazimika kurefusha ubao hadi mita moja na nusu hivi na kutumia mabehewa mafupi ya ekseli mbili. Nimeulizwa mara nyingi kipimo kipi ni bora. Kwa anayeanza na nafasi finyu, maoni yangu ni 1:160. Lakini mwenye macho yanayochoka, au anayependa kutengeneza mabehewa yake mwenyewe kwa mkono, atafurahia zaidi 1:87, na urefu wa ziada si gharama kubwa kwake. Kipo pia kipimo cha 1:220 ambacho Märklin walikitoa mwaka 1972, reli yake milimita 6.5. Kinapendeza sana, ila chembe ya vumbi huko ni jiwe, na sikipendekezi kwa ubao wa kwanza.

Kuhusu mfumo wa dijitali, ambapo reli hubeba umeme muda wote na kila injini ina dekoda inayosikiliza amri zake tu: ni mfumo mzuri, na viwango vyake viliwekwa wazi miaka ya 1990 ili vifaa vya watengenezaji tofauti viweze kuelewana. Mwenye injini mbili tatu kwenye njia moja atauthamini. Kwa injini moja inayoshanti, kidhibiti cha kawaida cha volti 12 kinatosha kabisa, na fedha zinazobaki ziende kwenye pointi bora.

Mandhari

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa darasa la katibu lilihudhuriwa na wengi. Ninalosisitiza ni kokoto. Zimwage kavu, zipange kwa brashi laini mpaka mataruma yaonekane, nyunyiza maji yenye tone la sabuni, kisha dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Acha usiku mzima. Karibu na ndimi za pointi, yaani vipande vya reli vinavyosogea kubadilisha njia, weka chache tu na usitie gundi kabisa, maana ulimi ukishikwa, pointi nzima itang'olewa. Na msizipange reli sambamba na ukingo wa ubao. Zikikaa mshazari kidogo, hata nyuzi chache, jicho linaacha kuuona ubao na kuanza kuona mahali.

Usalama

Kamati haina mjadala katika hili. Chini ya ubao pasiwe na umeme wa ukutani hata kidogo. Transfoma iliyofungwa kiwandani ikae nje ya ubao, na asiwepo wa kuifungua. Kinachoingia kwenye ubao ni volti 12 au zinazokaribia hapo. Wanaoweka taa ndogo za LED wakumbuke rezista, kile kifaa kidogo cha kupunguza umeme: kwa volti 12, rezista ya ohmu 1,000 kwa kila taa inatoa mwanga wa kutosha bila kuiunguza. Mkilehemu, fungueni madirisha, na mtoto asiachwe peke yake na chombo cha kulehemu kikiwa cha moto. Watoto wenyewe nawakaribisha sana. Ndio waendeshaji wavumilivu kuliko sisi, pale tu tunapowaachia kidhibiti.

Mambo ya chama

Vifaa vya kuazima, yaani mita za umeme, tupa, vyombo vya kulehemu na kipimia upana wa reli, vimetumika mwaka mzima. Vinarudi kwa kuchelewa. Naomba anayemaliza arudishe bila kusubiri kikao, kwa sababu nyuma yake kuna mwenzake aliyesimamisha kazi. Nawashukuru wajumbe wa kamati, hususan waliojitolea kwenda majumbani kwa wanachama wapya na kukaa nao hadi injini ya kwanza ilipotembea. Hao wamefanya zaidi kwa chama hiki kuliko tangazo lolote.

Kwa mwaka ujao Kamati inaleta pendekezo moja la kupigiwa kura leo. Sasa kwa kuwa mbao zipo, tunataka ziweze kuungana. Pendekezo ni kwamba kila ubao wa 1:160 uwe na njia moja inayotokea ukingoni upande wa kipande cha kuvutia, katikati ya reli ikiwa sentimita 10 kutoka ukingo wa mbele, na bamba la mwisho liwe la plaiwudi ya milimita 12 lililotobolewa kwa kiolezo kimoja kitakachotunzwa na katibu. Wa 1:87 watakuwa na kiolezo chao. Mwanachama atabaki huru katika mengine yote: mchoro, majira ya mwaka, aina ya treni. Siku ya mkutano tutaunganisha mbao, na behewa lililopakiwa kwa mmoja litapokelewa kwa mwingine.

Walio na pingamizi juu ya zile sentimita 10 waziseme kabla ya kura, kwani kiolezo kikishakatwa hatutakibadilisha katikati ya mwaka. Baada ya kura tutaingia kwenye uchaguzi wa nafasi ya mtunza vifaa, na fomu za wagombea ziko kwa katibu.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.