Magoti ya wazee yanahitaji mazoezi, si vidonge pekee

Mhariri,

Naandika kuhusu maumivu ya magoti ya wazee wetu, ambayo wengi huyatuliza kwa diklofenaki ya duka la dawa bila cheti cha daktari. Mara nyingi chanzo ni kulika kwa gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, hasa kwa mwenye uzito mkubwa. Na vidonge hivyo, vikimezwa miezi mfululizo, huweza kudhuru tumbo na figo.

Mama yangu, aliyekuwa akishika ukuta ili ainuke kwenye kigoda, alipata nafuu baada ya wiki kadhaa za kukaa kitini na kunyoosha mguu mmoja mmoja, kuimarisha misuli ya paja. Naomba zahanati zifundishe mazoezi haya siku za kliniki ya presha na kisukari, ambako wazee tayari hukusanyika.

Msomaji wako,
Tanga