Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025 wa Chama cha Wafuga na Wauza Kuku, Mwanza

Ndugu wajumbe, wazee wetu waanzilishi, akina mama wa sehemu ya kunyonyolea, vijana wa machinjio na wanachama wote mliofika,

Kwa mujibu wa katiba yetu ninawajibika kuwasilisha mbele yenu taarifa ya kazi za chama kwa kipindi cha Januari hadi Desemba 2025. Kazi za kawaida mnazifahamu, hivyo sitawachosha. Kamati ya utendaji ilikutana mara 9, paa la banda la pili liliezekwa upya, chanjo ya kideri ilitolewa mara 3 badala ya 4 kwa sababu mnazozijua, tuliwazika wenzetu 2, tukapokea wanachama wapya 11 na kuwapoteza 4 waliohamia biashara nyingine. Hadi Desemba tulikuwa wanachama 96.

Suala ninalolazimika kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kamati wa mwezi Aprili, ambao umeniletea lawama nyingi kuliko jambo jingine lolote tangu mnichague. Uamuzi wenyewe ulikuwa na sehemu tatu: kufunga soko Jumatatu ya mwisho ya kila mwezi ili liwe tupu na lioshwe, kuwatenga bata na kuku, na kukataza kuku wasiouzwa kulala sokoni. Wapo walioibatiza siku hiyo "Jumatatu ya Mwenyekiti", na wapo waliosema nimesikia habari za mafua ya ndege redioni nikaja kuwafungia watu riziki zao. Naomba leo nisikilizwe hadi mwisho, kwa kuwa katika mkutano wa Julai sikupewa nafasi hiyo.

Wanaosema huu ni ugonjwa wa mbali wakumbuke Januari 2017, ndege wa porini walipookotwa wakiwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Viktoria huko Entebbe, Uganda, na vipimo vikaonyesha virusi vya mafua ya ndege. Ziwa hilo ndilo hili tunaloliona kutoka langoni kwetu, na ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hawapiti forodhani. Oktoba ya mwaka huohuo vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto Namanga, na sababu iliyotolewa na serikali ilikuwa kuzuia ugonjwa huohuo. Ndiyo maana nilisema Aprili, na ninarudia, kwamba hofu peke yake inaweza kumfilisi muuza kuku kabla hata ugonjwa haujafika. Siku ukitokea uvumi kuhusu soko hili, mteja hatauliza kuku wa nani ni mzima.

Hoja iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba kuku wetu hawaumwi. Ndugu wajumbe, hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2013 watu walianza kuugua mapafu huko Shanghai na miji ya jirani kwa virusi vya H7N9, aina mojawapo ya mafua ya ndege, na wengi wao walikuwa wamepita katika masoko ya kuku hai, ilhali kuku wenyewe walikuwa wakila na kuwika kama kawaida. Serikali ilipofunga masoko hayo, maambukizi mapya katika miji hiyo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Bata naye hubeba aina nyingi za virusi hivi tumboni bila kuonyesha dalili yoyote, akavitoa kwenye kinyesi, na vikiwa kwenye maji ya baridi huishi kwa siku kadhaa. Sikuwahamisha bata kwa sababu ya ugomvi na wenye bata, kama ilivyodaiwa. Niliwahamisha kwa sababu kila mmoja wetu ameona matenga yalivyokuwa yakipangwa: bata juu, kuku chini, na kinyesi cha juu kikidondokea kwenye maji ya kunywa ya wa chini.

Utaratibu wa siku ya mapumziko sikuubuni mimi. Hong Kong mwaka 1997 watu 18 waliugua mafua ya ndege ya H5N1 na 6 wakafariki, ndipo serikali ikachinja kuku wote, zaidi ya milioni 1, ndani ya siku chache. Baada ya hapo waliwatenga bata na mabata bukini mbali na kuku, wakaanzisha siku moja ya mapumziko kwa mwezi mwaka 2001, wakaongeza ya pili mwaka 2003, na mwaka 2008 wakakataza ndege hai kulala sokoni. Waliochukua sampuli katika masoko hayo waliona virusi vya mafua ya ndege vikipungua baada ya siku ya kwanza ya mapumziko, na tena baada ya ndege hai kukatazwa kulala sokoni. Sababu yake haihitaji shahada. Soko lisilowahi kuwa tupu ni kama chungu kisichosuguliwa: kuku wa jana anamwambukiza wa leo, na wa leo anamsubiri wa kesho anayeshushwa kwenye basi kutoka Shinyanga. Likikaa tupu siku moja na kuoshwa, mnyororo huo unakatika.

Wengine walihoji kwa nini tuhangaike na ugonjwa ambao mtu hamwambukizi mwenzake kirahisi. Ni kweli kwamba virusi vya ndege vinatafuta mahali pa kujishikiza ambapo kwa binadamu pako ndani kabisa ya mapafu, si puani wala kooni, na kwa hiyo havisambai kwa chafya kama mafua yetu. Lakini tangu mwaka 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitika kuugua H5N1, na karibu nusu yao wamefariki. Misri pekee, ambako kuku hufugwa mpaka juu ya paa, waliugua zaidi ya 350, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, yaani wanaofuga, wanaochinja na wanaonyonyoa. Aidha, vinasaba vya virusi vya mafua vimegawanyika katika vipande 8, na aina mbili zikikutana ndani ya kiumbe mmoja, vipande hivyo huchanganyika kama karata. Mafua yaliyoizunguka dunia mwaka 1957, na tena mwaka 1968, yalitokana na mchanganyiko wa virusi vya binadamu na vya ndege. Machi 2024 H5N1 iligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa huko Marekani, mnyama ambaye hakuna aliyemfikiria, na mtu wa kwanza kuambukizwa na ng'ombe hao alikuwa mfanyakazi wa zizi aliyeamka na macho mekundu. Kwa hiyo anayeniambia "haiwezekani" simjibu tena.

Naomba niseme kidogo kuhusu usafi wa kwanza wa Aprili 28, kwa kuwa wengi wenu hamkuwepo. Tulipoinua matenga ya safu ya nyuma tulikuta kinyesi kimegandamana sakafuni kama ukoko wa ugali, unene wa vidole viwili, na ilibidi kitolewe kwa jembe. Chini yake kulikuwa na manyoya, mahindi yaliyoota, na shilingi mia mbili ambayo sijui ni ya nani. Pale penye pipa la maji ya moto, mama mmoja ambaye ni mwanachama wetu wa siku nyingi alituonyesha, bila kukusudia, jambo nililokuwa nikijaribu kulieleza mwaka mzima: alichovya kuku, akanyonyoa, mvuke ukampanda usoni, akajifuta jicho kwa mkono uleule wenye manyoya. Amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20 na hajawahi kuumwa, na ninamwombea asiumwe, lakini glavu na barakoa tulizonunua bado ziko kabatini ndani ya mifuko yake.

Kuhusu fedha, ambako maneno yamekuwa mengi zaidi, gharama zote za usafi zilikuwa shilingi 985,000. Pampu ya kunyunyizia ilikuwa 285,000, dawa pamoja na glavu na barakoa 310,000, maji na vibarua 240,000, na buti jozi 6 zilikuwa 150,000. Hizo 150,000 nilizitoa mfukoni mwangu, sijarejeshewa wala sidai, ila naomba liingie kwenye kumbukumbu. Shilingi 835,000 zilizobaki zilitoka katika mfuko wa maafa. Ni kweli kwamba dawa ilinunuliwa katika duka la shemeji yangu. Sikulificha jambo hilo, na stakabadhi zilibandikwa ubaoni kwa wiki mbili kabla hazijachanwa na mtu asiyejulikana. Bei yake ilikuwa chini ya bei za maduka mawili mengine ambayo mweka hazina aliyatembelea kwa miguu yake. Wanaodai mfuko wa maafa haukuwekwa kwa ajili hiyo, nami nawauliza wanadhani maafa ni msiba peke yake.

Ni haki pia nikiri pale tuliposhindwa. Kipengele cha kuku kutolala sokoni tulikisitisha Juni, kwa sababu mabasi yanafika usiku, hatuna majokofu ya kuhifadhi nyama ya kuku waliobaki, na mchuuzi wa Nyegezi hawezi kurudi na matenga matano kwa pikipiki kila jioni. Siku ya mapumziko ilitekelezwa mara 8 kati ya 9. Desemba hatukufunga, kwani Jumatatu hiyo iliangukia katikati ya sikukuu mbili, nami nilizidiwa kura katika kamati. Najua hicho ndicho kipindi ambacho soko hufurika na ndege wahamiaji wako ziwani, na nililisema hilo kabla ya kura kupigwa. Wenye bata, ambao ni wanachama 3, walipewa eneo la karibu na lango, na mmoja wao amenieleza kwa hiari yake kwamba sasa anauza vizuri kuliko zamani. Hakulisema hilo mbele ya wenzake.

Mahudhurio yanasikitisha. Semina ya Septemba, ambayo afisa mifugo aliacha shughuli zake akaja kutufundisha dalili za kuangalia na namna ya kutoa taarifa kuku wanapokufa wengi kwa ghafla, ilihudhuriwa na wanachama 19 kati ya 96, na baadhi waliingia wakati soda zinagawiwa. Mkutano wa Oktoba uliahirishwa kwa kukosa akidi. Lakini siku ya kujadili shemeji yangu ukumbi ulijaa hadi madirishani.

Ada nayo hairidhishi. Kwa shilingi 2,000 kwa mwezi tulitarajia 2,304,000, tukakusanya 1,068,000. Waliolipa mwaka mzima ni 31, waliolipa kwa vipande 22, na 43 hawakulipa hata shilingi moja, wakiwemo wanaoongoza kuuliza fedha za chama zimekwenda wapi. Majina yao yako kwa katibu, na kwa busara sitayasoma hapa.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, Mungu akipenda, kuendelea na siku ya mapumziko, kuona uwezekano wa kupata jokofu ama kwa mkopo au kwa mfadhili, kubadilisha matenga ya mianzi kwa kreti za plastiki zinazooshika pindi hali itakaporuhusu, na kuzungumza na ofisi ya mifugo kuhusu kuchukua sampuli sokoni. Tayari nimeandika barua mbili juu ya sampuli na ninasubiri majibu. Endapo mkutano huu utaamua kuifuta siku ya mapumziko, nitaheshimu uamuzi huo, ila nitaomba majina ya watakaounga mkono yaandikwe.

Namshukuru katibu, mweka hazina, na vijana 6 waliovaa zile buti mwezi hadi mwezi. Usafi unaofuata ni Jumatatu ya Januari 26, saa 12 asubuhi, na kila mwanachama anaombwa kuja na fagio lake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti