Barua ya wazi kwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa)

YAH: KASMA YA MAFUNZO YA WALIMU WA KUSOMA KATIKA BAJETI ZA HALMASHAURI

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia tukiwa walimu na wawezeshaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ombi letu ni moja: katika bajeti ijayo kila halmashauri iwe na kasma yake ya mafunzo ya walimu wanaofundisha kusoma, isiyoweza kuhamishiwa matumizi mengine, na sehemu kubwa ya fedha hizo imfuate mwalimu darasani baada ya semina. Semina zenyewe zimekuwapo nyingi.

Tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipojikita kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, mafunzo haya yameegemea mno miradi ya wahisani: LANES kwa fedha za GPE (mfuko wa kimataifa wa elimu), EQUIP-T kwa fedha za Uingereza, Tusome Pamoja na baadaye Jifunze Uelewe kwa fedha za Marekani. Walimu walipata mengi humo. Lakini mradi una tarehe ya mwisho, na darasa la kwanza linajaa upya kila Januari. Mwaka 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa. Shule haiwezi kuziba pengo hilo kwa ruzuku ya uendeshaji ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo sehemu yake hubaki ngazi za juu kwa ajili ya vitabu, na inayofika shuleni ndiyo hiyohiyo ya chaki, mitihani na kitasa kilichovunjika.

Watoto waliokwama hawakwami kwa namna moja, na hapo ndipo mafunzo ya jumla humwacha mwalimu njiani. Yuko anayeimba ba be bi bo bu bila kukosea kwa kuwa ameikariri. Mchanganyie silabi, bu, ma, ti, ke, ananyamaza. Mpe neno lisilo na maana, tibo au kemu, utajua papo hapo kama anasoma au anakumbuka. Yuko aliyefundishwa majina ya herufi badala ya sauti zake: akiona “ba” anaunganisha bii na a, anapata bia. Yuko anayekwama kwenye m, kwa sababu katika “mtu” m ni silabi peke yake, ilhali katika “mbuzi” imeshikana na b. Na mtoto ambaye lugha ya kwao ina mu atasoma “mutu”. Huyo anajua kusoma, matamshi tu ndiyo ya nyumbani. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo humrudisha kwenye irabu bure.

Wapo pia wanaosoma kila silabi sawasawa lakini polepole mno. Maneno yetu ni marefu. “Hawakumwambia” lina silabi sita, na kukanusha kumekaa kwenye ile ya kwanza. Mtoto anayefika mwisho akiwa ameisahau “ha” ameelewa kinyume kabisa cha kilichoandikwa. Huyu hahitaji silabi tena, anahitaji kurudia sentensi ileile mara tatu au nne hadi iteleze. Na kabla ya kumwita yeyote mzito, apimwe macho kwa chati ya E akiwa mita 6, na masikio yake yaangaliwe. Wataalamu wa elimu maalumu wanaotoka Chuo cha Ualimu Patandi hawatoshi kila shule, lakini mmoja anaweza kuwafundisha walimu wa kata nzima upimaji huu wa awali.

Mafunzo tunayoyapendekeza yaanze kwa siku tatu tu, kwenye kituo cha walimu au shule iliyo jirani, watoto wakiwapo. Kila mwalimu ampime mtoto mmoja mmoja: herufi, silabi, maneno, aya, hadithi. Kipimo kinachukua kama dakika 4. Akirudi darasani kwake, watoto 60 ni dakika 240, yaani saa moja kwa siku kwa siku nne, si kazi ya kumshinda mtu. Matini ziwe angalau nne tofauti, maana ikiwa moja, wa kumi kwenye foleni atakuwa ameshaikariri kwa kuwasikiliza wenzake.

Baada ya kupima, watoto wa darasa la pili hadi la nne wapangwe kwa wanachoweza, kwa dakika 45 kila siku. Dakika 5 za sauti, 10 za kadi za silabi, 10 za kuunda maneno kwa kadi hizohizo, 10 za kusoma sentensi wawili wawili, 5 za kusikiliza hadithi na kujibu maswali, na 5 za imla ya maneno matano. Imla isiachwe, ndiyo inayoonyesha nani alikuwa anafuatisha midomo ya mwenzake. Vifaa havina gharama ya kutisha. Konsonanti 15 kwa irabu 5 ni kadi 75; ongeza irabu zenyewe, zinakuwa 80. Kadi za sentimita 7 kwa 10 zinatoka kwenye manila mbili.

Hatua ambayo huwa haina fedha ni inayofuata. Mwalimu aliyerudi kutoka semina hujaribu wiki mbili, hukutana na kundi lisilosogea, hana wa kumuuliza, anarudi kwenye kuimbisha ubaoni. Anahitaji mtu akae nyuma ya darasa, aone, kisha amwambie kitu kimoja cha kubadilisha. Mfumo upo: MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) na jumuiya zake za kujifunza, na Afisa Elimu Kata. Kenya, katika mpango wa Tusome, maofisa wa ngazi hiyo walirejeshewa nauli kulingana na madarasa waliyoyatembelea, na ziara zilirekodiwa kwenye tableti. Walifika.

Tupige hesabu. Kata yenye shule tano, kila shule ziara mbili kwa mwezi, kilomita 20 kwenda na kurudi: kilomita 200. Pikipiki itakula lita 5 hadi 6. Hata lita ikiwa Sh 3,500, ni Sh 21,000 kwa mwezi. Kwa miezi 10 na kata takriban 4,000, jumla ni Sh milioni 840 kwa Tanzania Bara nzima. Kata za Liwale au Mpanda zitahitaji zaidi, na pikipiki hutaka tairi na oili. Izidishe mara mbili, bado haijafika bilioni mbili.

Fedha hizo zitapotea, Mheshimiwa, yasipozuiwa mambo mawili. La kwanza ni kumhamisha mwalimu aliyefunzwa. Mwalimu hodari wa darasa la kwanza hupandishwa kwenda kulisaidia darasa la mtihani, na nafasi yake hupewa aliyebaki bila kipindi. Waraka wako useme abaki madarasa ya chini walau miaka mitatu. La pili ni takwimu. Mwalimu mkuu anapojua kwamba idadi ya wasiojua kusoma itamletea barua ya kujieleza, idadi hiyo hushuka yenyewe kwenye karatasi. Matokeo ya upimaji wa darasani yatumike kugawa msaada, na wathibiti ubora wa shule wapime upya watoto wachache kwa kushtukiza.

Halmashauri huingiza mipango yake kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, kwa kufuata mwongozo wa bajeti. Mwongozo ukitoka bila kifungu hiki, mkurugenzi hana pa kukiandika, hata akitaka. Tunaomba kiwemo kabla haujasainiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Walimu na wawezeshaji wa KKK